Kaseti za radio: usitupe sauti ya nkambo



Juma hili sitawaambia juu ya chanjo wala juu ya makuta ya masomo. Nitawauliza swali moja tu: ndani ya nyumba yenu, kungali kaseti? Zile kaseti za plastiki zenye kamba ya rangi ya kahawa, ambazo tulikuwa tunazungusha na biki kusudi mawe ya radio yasiishe haraka. Kama ziko, tafazali, musizitupe mbele ya kusoma habari hii mupaka mwisho. Mimi nilibakia kidogo tu nitupe zetu.

Karatoni chini ya kitanda

Mwezi wa pili mvua ilinyesha siku tatu mufululizo. Mama yangu anakaa Katuba, katika nyumba ya zamani, na mabati ya chumba cha nyuma yametoboka. Nilienda pamoja na wadogo wangu kumusaidia kutoa vitu nje. Chini ya kitanda tukakuta karatoni imelowa upande mumoja. Ndani yake kulikuwa kikwembe cha zamani kilichofungwa vizuri, na ndani ya kikwembe kulikuwa kaseti. Nilizihesabu: 31.

Nilimwambia mama: "Vitu hivi vilishakufa. Hata radio ya kuzicheza hatuna. Tuzitupe tu."

Mama hakujibu mara moja. Alikamata kaseti moja, akaipanguza na upindo wa kikwembe alichovaa, akaangalia maandishi ya baba yaliyoanza kufutika. Kisha akasema: "Mwanangu, mu hii kaseti muko nkambo yako eko anacheka."

Nkambo, mama ya mama yangu, alikufa nilipokuwa na miaka minane. Picha yake tunayo moja tu, ile ya kitambulisho, na katika picha hiyo amekunja uso kama mutu anayengoja kuhukumiwa. Sauti yake nilikuwa nimeisahau kabisa. Na mimi nilikuwa tayari nimebeba karatoni kuelekea shimo la takataka.

Namna nkambo aliingia katika kaseti

Watoto wetu hawajui namna tulikuwa tunasikiliza zamani. Leo wanafinya simu, wimbo unatoka. Wakati ule radio ilikuwa inasema mara moja tu. Kama ulikuwa ku soko, kama ulikuwa unateka maji, umekosa. Muziki uliopigwa moja kwa moja katika studio, muchezo, mahubiri, matangazo ya matanga: vyote vilipita kama moshi. Kwa hiyo watu wenye akili ya kuweka vitu walianza kuvinasa.

Kaseti yenyewe ilitengenezwa na kampuni ya Philips, iliyoionyesha kwa watu mwaka wa 1963. Upana wa kamba yake haufiki hata milimita nne, na mbele ya kichwa cha kusomea inapita karibu sentimita tano tu kila sekunde. Ni kitu kidogo sana, lakini kilifanya jambo kubwa: kwa mara ya kwanza mutu asiye na mali nyingi aliweza kuweka sauti nyumbani kwake. Mbele ya hapo, kuweka sauti ilikuwa kazi ya kampuni za sahani, ya wenye radio na ya wazungu wenye gari za mashini.

Baba yangu alikuwa na radio moja, na pembeni yake mashini ndogo ya kaseti aliyonunua kwa mutu aliyerudi safari. Vilikuwa vitu viwili mbalimbali, na waya wa kuviunganisha hakuwa nao. Kwa hiyo aliweka radio juu ya meza, akaweka mashini mbele yake, akafinya vifungo viwili pamoja, kile chekundu na kile cha kucheza, kisha akatia kidole ku mudomo: kimya!

Lakini mikrofoni haichagui. Inakamata yote yaliyo katika nyumba. Katika kaseti za baba unasikia mwanamuziki anapiga gitare, na nyuma yake kifuniko cha nyungu kinaanguka. Unasikia mutangazaji anataja Shaba na Zaïre, na mutoto analia. Unasikia jirani anaita "Hodi!" na baba anamujibu kwa kunong'ona. Wenye mashini kubwa, zile za radio na kaseti katika sanduku moja, walipata sauti safi kuliko sisi. Lakini sauti safi haina nkambo ndani.

Muji wenye sauti nyingi

Tusifikiri kwamba kaseti hizi ni za nyumba yetu tu. Lubumbashi na Likasi ni miji yenye historia kubwa ya sauti, na wengi wetu hatuijui.

Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mutu aliyekuwa anazunguka Afrika akinasa muziki, alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Huko alikuta kijana mwenye gitare, Jean-Bosco Mwenda, mutu wa ukoo wa Wayeke wa Bunkeya. Alinasa nyimbo zake, na kati yake kulikuwa "Masanga". Wimbo huo ulitoka Katanga ukaenda mbali sana, na mupaka leo wapiga gitare wa Ulaya na Amerika wanajifunza vidole vyake. Bosco alikaa pia Nairobi kwa muda, alikuwa na kipindi chake katika radio kule, na vijana wa Kenya wakajifunza kwa kumusikiliza. Jamaa yake Édouard Masengo naye alifanya kazi Nairobi. Mwaka wa 1969 Bosco alipiga Newport, katika Marekani, mbele ya watu wengi. Mwaka wa 1990 alikufa katika ajali ya gari katika Zambia.

Basi fikiri, mama. Sauti ya Bosco ya mwaka wa 1952 ingaliko sababu Tracey aliinasa na akaiweka. Mwaka wa 1954 alianzisha nyumba ya kuhifazi muziki wa Afrika, ambayo leo iko Makhanda (zamani Grahamstown), katika Afrika ya Kusini, na ndani yake muna maelfu ya nyimbo. Lakini mara zote Bosco na wenzake walipopiga katika radio zetu hapa, siku ya kawaida, saa ya kawaida, nani aliziweka? Kama ziko mahali, nyingine ziko chini ya kitanda cha mama fulani.

Ni vile vile kwa michezo. Tangu miaka ya 1950 muji huu ulikuwa na vikundi vya kuchekesha. Jecoke ilikuwa kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya vijana wachekeshaji wa Kenya, yaani komini yetu ya Kenya, si inchi ya Kenya. Kisha kikaja kikundi cha Mufwankolo, ambacho wazazi wetu walikisikia katika radio na kukiona katika televisheni. Kilikuwa kinacheza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kile cha soko na cha uwanja wa nyumba, hapana kile cha kitabu. Kilionyesha mwanaume anayekunywa mushahara, mukwe mwenye midomo, chefu mwenye tamaa, mutoto anayedanganya wazazi. Johannes Fabian, mwalimu aliyefundisha katika chuo kikuu cha hapa miaka ya 1970, alirudi mwaka wa 1986 akafuata kikundi hicho, akanasa namna walikuwa wanatengeneza muchezo mumoja kuanzia wazo mupaka mwisho, kisha akaandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kilichotoka mwaka wa 1990. Muchezo huo mumoja umewekwa kwa maandishi. Je, ile mingine ya kila juma?

Wengine pia walipoteza

Tusijione kuwa sisi peke yetu tulitupa. Hata wakubwa wa dunia walitupa.

Kati ya mwaka wa 1962 na 1965, Beatles, kile kikundi cha roki cha Uingereza, walipiga muziki katika vipindi 52 vya radio ya BBC. Kamba zilikuwa gali, makabati yalikuwa yanajaa, na vipindi vingi havikuwekwa. Miaka ilipita. Watu walipoanza kutafuta, walikuta kwamba sehemu ya nyimbo hizo inapatikana tu kwa wasikilizaji wa kawaida, waliokuwa wamezinasa nyumbani kwao. Mwaka wa 1994 nyimbo za vipindi vile zilitoka katika sahani, na nyingine zilitokea katika kamba za watu wa namna hiyo. Mwaka wa 2001 BBC yenyewe iliomba watu wote waangalie katika ghala zao kama wana vipindi vya zamani. Radio tajiri namna ile ilipiga hodi kwa watu wa kawaida.

Na hapa karibu, ukivuka Kasumbalesa, ukapita Chingola, unafika Kitwe. Miaka ya 1970 Kitwe ilikuwa na kikundi cha roki kilichoitwa WITCH. Mwimbaji wake, Emanyeo Chanda, watu walimuita Jagari, kwa kumufananisha na yule Jagger wa Uingereza. Walitoa sahani yao ya kwanza mwanzoni mwa miaka hiyo. Kisha bei ya shaba ikaanguka, maisha yakawa magumu, ugonjwa wa sida ukachukua wengi kati ya wanamuziki, na muziki ule ukanyamaza. Jagari akaenda kuchimba mawe ya bei. Nyuma ya miaka karibu 40, watu waliokusanya sahani za zamani walimutafuta, nyimbo zikatolewa upya, na muzee akapanda tena jukwaa katika inchi za mbali. Kama hakuna mutu aliyekuwa ameweka zile sahani, mutu yule angebaki ku shimo lake, na wajukuu wake wasingejua nkambo yao alikuwa nani.

Siku tulicheza kaseti

Sasa turudi Katuba. Mama alikuwa ameuza radio na mashini ya baba miaka mingi iliyopita. Wakati ule kampuni alikofanya kazi baba ilikuwa hailipi, miezi ikafuatana, na watoto walikuwa wanarudishwa ku masomo. Aliuza meza, aliuza kitanda kimoja, aliuza radio. Kaseti hakuuza. Kuna watu walizitaka, kusudi wafute na kunasa muziki mupya juu yake. Alikataa.

Nilitafuta mashini juma mbili. Mwishowe fundi mumoja wa Kamalondo alinikopesha radio ya kaseti aliyokuwa ametengeneza. Tulikaa siku ya Mungu nyuma ya kula: mama, shangazi, wadogo zangu, watoto. Bukari na sombe vilikuwa bado juu ya meza. Mama alichagua ile kaseti.

Kwanza ilikuwa kelele tu, kama mafuta yanayokaranga. Kisha mutangazaji. Kisha muchezo wa Mufwankolo, sauti ya mwanaume anayejitetea kwa muke wake juu ya mushahara uliopotea njiani. Na ghafula, karibu sana, karibu kuliko radio yenyewe, mwanamuke akacheka. Alicheka kutoka tumboni, akakohoa, akasema: "Njo vile! Njo vile beko banafanya!"

Shangazi aliweka mikono ku kichwa. Mama hakulia, alikuwa anatabasamu akiangalia chini. Mutoto wangu wa miaka saba aliuliza: "Ni nani?" Nikamujibu: "Ni nkambo ya mama yako." Akasema: "Anacheka kama shangazi." Ilikuwa kweli. Hatukujua kwamba kicheko kile kilikuwa na mwenyewe.

Kisha tukasikia muchezo unaisha, na nkambo anaanza kumwambia baba jambo fulani: "Siye tulifika na treni, nilikuwa na..." Halafu: tak! Kelele. Na sauti ya mutoto ikaanza kuimba hesabu za Kifaransa, moja, mbili, tatu, kwa sauti kubwa na ya majivuno. Ilikuwa ni mimi.

Nilikuwa nimefinya kifungo chekundu. Niliimba hesabu zangu mupaka mwisho wa upande ule, dakika karibu kumi na mbili. Chini ya hesabu zangu kulikuwa habari ya nkambo: namna alitoka kijijini, namna alifika Elisabethville na treni, alikuwa na nini mukononi, nani alimupokea. Mama anakumbuka kwamba nkambo aliisema yote jioni ile, na baba aliacha mashini itembee kwa makusudi. Lakini mama mwenyewe alikuwa anapika, alisikia vipande tu. Hakuna mutu mungine aliye hai anayeijua. Imekwisha.

Nilimuuliza mama: "Ulijua ni mimi?"

Akasema: "Nilikupiga siku ile. Haukumbuke?"

Sikumbuki. Lakini tangu siku ya Mungu ile ninafundisha hesabu katika darasa langu na mara nyingine ninasimama katikati ya namba.

Je, ni wizi?

Mama mumoja katika kikundi chetu aliniuliza: "Mwalimu, kunasa muziki wa mutu katika radio, si ni kuiba?" Ni swali la maana, sababu tunawafundisha watoto wetu wasichukue kitu cha wenyewe.

Katika inchi yetu kuna sheria juu ya haki za watunzi, ile ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka wa 1986, namba 86-033. Kazi ya mwimbaji au ya mutunzi wa michezo ni mali yake, kama shamba. Mutu anayenasa kaseti na kuitoa nakala mia moja, kisha anaziuza ku soko, anavuna katika shamba la mungine. Leo hatutumii kaseti, tunatumia kadi za simu na WhatsApp, lakini jambo ni lile lile. Wanamuziki wetu wengi walikufa masikini wakati nyimbo zao zilikuwa zinauzwa kila pembe. Wajane wao wako kati yetu, wengine pengine wanasoma gazeti hili.

Lakini kuweka nyumbani kitu ambacho radio ilikisema mara moja na kukisahau, kukisikiliza na watoto, kukilinda kisioze, huko ni kutunza. Na kama siku moja mutunzi au watoto wake wanakuja kuuliza, tuwape nakala kwa furaha, bila bei. Hiyo ndiyo njia tuliyoamua nyumbani.

Ninasema hivyo kwa sababu habari ilienea. Juma moja nyuma ya kusikiliza, mutu mumoja alikuja kwa mama na faranga mukononi. Alitaka kaseti zote 31, mara moja, bila hata kuzisikiliza. Makuta yake yangetosha kununua mabati mapya. Nitasema ukweli: mimi nilijaribiwa. Mvua ilikuwa inakuja tena. Mama alimupa maji ya kunywa, akamwambia: "Baba, nkambo hauzishwe." Mutu yule akaenda. Mabati tuliyatengeneza kwa zamu yangu ya likelemba, na kwa sahani ya plastiki mahali palipobaki.

Namna ya kuokoa kaseti zenu

Sasa kazi. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa fundi na kwa makosa yetu.

Kwanza, juu ya kila kaseti kuna vimeno viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Vivunje. Vikivunjika, kifungo chekundu hakikubali tena, na hakuna mutoto atakayefuta kitu. Kama baba yangu angevivunja, leo ningejua nkambo alibeba nini katika treni.

Pili, usicheze mara moja kaseti iliyolala miaka mingi. Angalia kwanza katika kidirisha. Ukiona unga mweupe, ni kuvu: usiitie katika mashini, itachafua kichwa na kuambukiza zingine. Itenge, umupelekee fundi. Ikiwa kavu na safi, izungushe polepole kwa biki mara chache kusudi kamba iachane, halafu uipeleke mupaka mwisho na kuirudisha.

Tatu, safisha kichwa cha mashini kwa pamba na alkoli ya farmasi. Jaribu kwanza na kaseti isiyo na maana. Mashini inayokula kamba, usiipe nkambo yako.

Ine, soma namba ya kaseti. Ile ya 60 inacheza dakika 30 kila upande, ile ya 90 dakika 45. Ile ya 120 ina kamba nyembamba sana, inakatika na kujifunga. Hiyo muachie fundi.

Tano, kuhamisha sauti. Tunachukua waya kutoka katika tundu la visikilizio la mashini ya kaseti mupaka ku ordinateri, na programu ya bure kama Audacity inanasa. Hakuna njia ya haraka: kaseti ya saa moja inaomba saa moja. Chagua wakati umeme uko imara, sababu ukikatika katikati unaanza upya. Faili ya kuweka ifanywe ya WAV, ijapokuwa saa moja inachukua karibu megabaiti 600. Ile ndogo ya MP3 ni ya kutumia jamaa. Kama hamuna ordinateri, wekeni simu mbele ya mashini katika chumba kimya na munase. Haitakuwa nzuri sana, lakini itakuwa bora kuliko kamba iliyooza.

Sita, wekeni nakala mahali patatu: moja katika nyumba, moja kwa ndugu wa mutaa mungine, moja katika muji mungine kama inawezekana. Mvua haipigi Katuba na Kolwezi kwa tundu moja. Kaseti yenyewe musiitupe. Isimamisheni wima katika sanduku kavu, mbali na jua, mbali na mbabula, na mbali na sanduku za sauti sababu ndani yake kuna sumaku.

Saba, na hii ni kubwa kuliko zote: andikeni. Sauti bila jina ni mugeni asiye na kitambulisho. Ketini na mama au shangazi aliye hai, muchezeshe kaseti, mumuulize: huyu ni nani? Ni mwaka gani? Tulikuwa tunakaa avenue gani? Wimbo huu ni wa nani? Andikeni katika daftari namba ya kaseti, upande, dakika, na maneno yake. Fanyeni mapema. Kamba inaweza kungoja miaka mitano tena. Yule anayejua majina pengine hatangoja.

Watoto wakasikiliza

Mwezi wa tatu nilipeleka kipande kifupi katika darasa langu la mwaka wa sita. Watoto walicheka Mufwankolo kama nkambo alivyocheka. Halafu wakauliza maswali ambayo sikutayarisha. "Mwalimu, Shaba ni wapi?" Nikawaambia ni hapa, Katanga yetu ilikuwa inaitwa vile mupaka mwaka wa 1997. "Zaïre ilikuwa faranga ao inchi?" Vyote viwili, na muto pia. Walitaka kujua kwa nini mutangazaji alikuwa anasoma majina ya watu waliokufa na avenue ya matanga. Niliwaeleza kwamba hakukuwa simu mukononi, na radio ndiyo iliyokuwa inaita jamaa kuja kulia.

Niliwapa kazi ya nyumbani: kila mumoja amuulize mutu mukubwa wa nyumba yao, "Ulifika muji huu namna gani?" na kunasa jibu katika simu. Watoto 26 walileta jibu. Mumoja aliniambia nkambo yake alikataa kusema mbele ya simu, lakini akakubali wakati mutoto aliificha chini ya kitambaa. Nilimwambia arudi akamuonyeshe simu na kumuomba ruhusa. Alirudi. Nkambo alicheka, akakubali, na akaanza habari yake upya tangu mwanzo, ndefu kuliko ya kwanza.

Basi, wamama, kwa mukutano wa juma kesho ninaomba mambo matatu. Kila mumoja aangalie chini ya kitanda, juu ya kabati, katika valizi ya zamani. Mwenye radio ya kaseti inayotembea atuambie, kusudi tuikopeshane. Na tuzungumze kama kikundi kinaweza kutosha makuta kidogo kwa ajili ya kununua waya mumoja na kulipa fundi. Nitaleta daftari letu muone namna tulilipanga.

Na kama kaseti hazipo, simu iko. Mama yako eko anateleka sasa hivi. Muulize alifika na treni gani. Na yeye akianza kusema, tafazali, angalia vizuri watoto hawako karibu na kifungo chekundu.